Shamba Yako Ilikula Nini?

Ukikutana na Monitere kwenye njia ya mfereji, usitegemee kusalimiwa. Wengine watakuuliza umelalaje, watoto wameamkaje, homa ya mama imeshuka au bado. Yeye alikuwa anasimama katikati ya njia, mabuti yake ya mpira yamejaa tope, anakutazama miguuni badala ya usoni, kisha anauliza: "Shamba yako ilikula nini sezoni iliyopita?" Ukijibu mahindi, anauliza kabla ya mahindi. Ukijibu maharage, anauliza kabla ya maharage. Ukifika pale kumbukumbu yako inapoishia, anatikisa kichwa kama mwalimu aliyeletewa mtoto wa darasa la sita asiyejua kusoma, na anakwenda zake bila kuaga. Nimemjua miaka kumi na saba, na sidhani kama katika miaka hiyo yote aliwahi kuniuliza mara mbili kama nimelala vizuri.

Tulimwita Monitere kwa sababu zamani alikuwa monitere wa kilimo wa serikali, mtu wa kutumwa kijiji kwa kijiji kuwafundisha watu kupanda kwa mstari. Mshahara wake ulikoma siku nyingi, yeye hakukoma. Alizunguka mashamba yote ya Runingu, kijiji chetu, kana kwamba bado kuna mkubwa fulani mjini anayesubiri ripoti yake, na alipenda kutukumbusha kwamba huko Katogota, alikofanya kazi ujanani, watu walikuwa wanamsikiliza. Sisi tulimjibu kwamba basi arudi Katogota. Hata mkewe alimwita Monitere. Mimi ni mjane, nina watoto watatu na shamba moja, na kwa muda mrefu nilijulikana kama mwanamke wa nyanya. Waliokuwa wananunua nyanya Mulongwe, pale sokoni karibu na mto, wanazikumbuka ndoo zangu. Haya ninayasimulia nikiwa na hasira ambayo haijaisha, sitaki kumdanganya mtu.

Walimlaumu kwa mengi, lakini kilichowaudhi zaidi ni mkono wake. Akiona maharage yamependeza, anaingia shambani bila hodi, anainama, anang'oa mche mmoja mzima, na kuanza kuipekua mizizi kama mama anayemtafuta mtoto chawa. Mara ya kwanza nilipomkuta kwangu nilimpigia kelele.

"Monitere! Weye unang'oa maharage yangu juu ya nini?"

"Niko naangalia bafanyakazi."

Hakushtuka hata kidogo. Alinionyesha vipele vidogo vilivyoshika kwenye mizizi, akapasua kimoja kwa ukucha wa kidole gumba. Ndani kulikuwa na wekundu kama wa nyama mbichi.

"Ona. Iko nyekundu, banafanya kazi. Ingekuwa nyeupe, ungejua banakula bure."

"Na hii yenye umeng'oa, batoto yangu batakula nini?"

"Moja tu, mama. Moja ni shule."

Msimu ule aliniendeshea shule hiyo mara saba. Nilihesabu mashimo.

Kwake, zao lilikuwa mgeni anayekuja na jamaa zake. Mgeni akiondoka, jamaa wanabaki. "Weye unavuna, unaenda nyumbani," alikuwa anasema. "Bo banabaki mu udongo." Bo ni wale wadudu wadogo ambao jicho haliwaoni. Maharage yanaacha wale wa vipele, wanaoulisha udongo. Mahindi na muhogo vinaacha nyuzi nyembamba kuliko unywele, na zao linalofuata linazitumia kunywea. Nyanya zinaacha wauaji, wanaojificha chini wakisubiri nyanya nyingine irudi, au ndugu zake, biringanya na pilipili. Monitere aliwahi kuwaona mara moja, ujanani, kwenye mikroskope ya kituo fulani cha kilimo, na alilisimulia jambo hilo kama wengine wanavyosimulia siku waliyomshika askofu mkono. "Banatembea, mama! Banatembea kama batu ya soko!" Nilisikia hadithi hiyo mpaka nikaweza kuimalizia kabla yake, naye hakupenda nimalizie.

Linaloniuma ni kwamba mara nyingi alikuwa sahihi. Wanawake wa parokia walipanda shu, yaani kabichi, misimu mitatu mfululizo kwenye kiwanja kilicho nyuma ya kanisa, kisha wakataka kuweka mahindi. Monitere akawaambia shu haina rafiki mu udongo, zile nyuzi zinakufa njaa chini yake, wapitishe maharage kwanza. Kiongozi wa kwaya akamwambia aende akapande mdomo wake. Mahindi yalitoka, yakafika magotini, majani yakageuka zambarau kama kanzu ya padri wakati wa Kwaresima. Jumapili moja, baada ya misa, Monitere alikwenda kusimama kando ya mahindi hayo, mikono mgongoni, bila kusema neno. Alisimama mpaka watu wote wakatoka kanisani na kumwona. Afadhali angetutukana.

Kwa hiyo mimi nilimsikiliza, hilo nataka lieleweke. Sikuwa miongoni mwa waliomcheka. Aliniambia nisipande nyanya mara mbili kwenye udongo ule ule bila kupitisha kitu kingine, nikatii. Aliniambia niazimapo jembe nilioshe kabla halijaingia kwangu, nikatii, na jirani zangu wakanong'ona kwamba Mama Furaha ana majivuno, anaosha hata majembe ya watu. Yeye mwenyewe hakuwahi kuyaosha mabuti yake. Alitoka shamba la huyu akaingia la yule, tope la mashamba matano limeshika kwenye soli moja, akihubiri usafi wa majembe. Siku moja nilimwonyesha.

"Monitere, na bote yako?"

"Bote yangu iko ya kazi," alisema, kana kwamba tope lilimjua cheo chake.

Alikuwa mtu wa namna hiyo. Alilima nyanya lakini hakuzila, alisema zinamchoma kifua. Alikumbuka kwamba kipande cha marehemu fulani kilikuwa na karanga miaka tisa iliyopita, lakini wajukuu wake mwenyewe aliwaita wote "weye". Aliwachukia mbuzi kuliko shetani, na alikuwa na mbuzi. Ukimwazima sururu, ilirudi baada ya Pasaka, haijalishi ulimwazima mwezi gani. Na alikuwa hawezi, hawezi kabisa, kusema "nimekosea". Mkewe aliniambia kwamba katika ndoa yao yote alimsikia akilisema neno hilo kanisani tu, tena kwa Kilatini cha zamani, ambapo lilimhusu kila mtu.

Mume wangu alipofariki, siku ya tatu ya matanga, Monitere alikuja akaketi kwenye mkeka na wanaume wengine. Nilitolewa nje kupokea pole za watu. Akanijia, akanishika mkono, nikasema moyoni leo angalau huyu naye ataongea kama binadamu. Akaniinamia sikioni: "Ile shamba ya mchanga, marehemu aliacha imekula nini?" Nilitaka kumpiga. Lakini nililazimika kufikiri, na kwa kufikiri nikakumbuka kwamba mume wangu alikuwa ameweka mahindi, na kabla yake nyanya, na kwamba tangu sasa kukumbuka hayo ilikuwa kazi yangu peke yangu. Nilimjibu. Aliandika kwenye kaye yake hapo hapo, matangani, watu wakimtazama.

Kaye hiyo lazima niieleze. Ilikuwa daftari la shule, amelifunga kwa karatasi ya nailoni ya mfuko wa unga, na ndani yake mashamba yetu yote yalikuwa na mistari. Kila mstari shamba moja, kila kisanduku msimu mmoja. Mviringo ulikuwa maharage, mstari wa wima mahindi, msalaba nyanya, nukta tatu kitunguu. Hata asiyejua kusoma aliweza kuona historia ya shamba lake. Mstari wa mwisho, chini kabisa, ulikuwa wa shamba lake mwenyewe lililo ng'ambo ya mto wa kijiji, na jina lililoandikwa pale ni "Minye", yaani mimi.

Baadaye vita vikashuka bondeni, tukakimbia karibu wote. Mimi na watoto tulikwenda kwa shemeji yangu Mulongwe, tukakaa miezi miwili, tukarudi. Monitere na mkewe walivuka Rusizi, mto wa mpaka, wakakaa nchi ya pili mwaka mzima. Aliporudi alikuwa amekonda, mabuti ni yale yale, kaye iko kifuani chini ya shati. Asubuhi ya pili nilimkuta kwenye njia ya mfereji. Sikutegemea ningefurahi kuulizwa shamba langu lilikula nini, lakini nilifurahi, na nilimjibu msimu kwa msimu bila kukwama, naye akajaza visanduku vyangu akiwa amesimama.

"Na maharage?" akauliza.

Nikamwambia ukweli. Shamba langu ni la mchanga, na maharage kwangu yalikuwa manjano kila mwaka, yanazaa kama yanalazimishwa. Nyanya ndizo zilizokuwa zinatulisha, maharage yalikuwa ya kutimiza zamu.

"Bafanyakazi habako," alisema. "Nitakuletea bafanyakazi."

Hii ni desturi yake aliyoitoa Katogota, na baadhi yetu tuliifuata: ukitaka maharage yashike pale yasiposhika, unachukua beseni la udongo kutoka mahali yalipostawi, unachanganya na mbegu, unapanda. Mama zetu walifanya vivyo hivyo na pombe ya ndizi, wakibakiza machicha ya zamani kuamsha mpya. Siku mbili baadaye Monitere alikuja na beseni la udongo mweusi kichwani, mzee mzima, amevuka nalo mto. Alikuwa amelichota kwenye pembe ya shamba lake alikowahi kuvuna maharage ambayo Runingu nzima ilikwenda kuyatazama. Tulichanganya mbegu pamoja. Udongo ukabaki kama nusu beseni, na yeye, kwa ukarimu wake, akaumwaga pale juu, kwenye mdomo wa mfereji, mahali maji yanapoingilia shambani kwangu. "Maji itabapeleka yenyewe," alisema, akapangusa mikono.

Maharage kama ya msimu ule sijawahi kuyaona tena. Kijani, mazito, majani kama viganja. Nilimruhusu ang'oe miche atakavyo, na vipele vilikuwa vyekundu, vingi, mpaka alicheka, yeye ambaye kicheko chake kilikuwa haba. Nilimpelekea ndoo nzima ya maharage na ndagala, vile visamaki vikavu, juu yake. Nilimsifu kwa watu. Nakumbuka nilivyomsifu, na nikikumbuka nasikia aibu.

Msimu uliofuata ilikuwa zamu ya nyanya. Zilikua vizuri mpaka zilipoanza kutoa maua. Mchana mmoja nikaona tatu za juu, pale kwenye mdomo wa mfereji, zimelegea. Jioni zikasimama. Kesho yake mchana zikalala tena, na jioni hazikusimama. Majani yalikuwa bado kijani kabisa, hilo ndilo lililonichanganya, maana kitu kinachokufa kwa kiu huwa kinakauka. Kisha zilizo karibu nazo, kisha mstari mzima, zikifuata maji, zikishuka na mfereji kila siku hatua chache. Nilikimbia kumwita Monitere.

Alikuja. Akaomba glasi ya maji safi. Akakata shina moja, akalichovya kwenye maji na kulishika wima bila kutikisa, na mimi na watoto tukatazama uzi mweupe, kama maziwa, ukishuka kutoka kwenye shina taratibu mpaka chini ya glasi.

"Iko nini?" nikauliza.

"Ni bale babaya. Bale ba tomate."

"Bametoka wapi? Minye sijapanda tomate mara mbili. Minye naosha jembe."

"Mbegu," alisema. "Umenunua mbegu mubaya Uvira."

Wiki iliyofuata akasema ni maji, kuna mtu huko juu anatupa uchafu mferejini. Wiki nyingine akasema labda niliazima jembe nikasahau kuliosha. Mimi! Nyanya ziliisha zote. Hakuna ndoo hata moja iliyokwenda Mulongwe. Mtoto wangu wa pili alikaa nyumbani bila shule mwaka ule, na Furaha, mkubwa, akaenda kwa shangazi yake kupunguza midomo. Monitere alinipa dawa: mahindi, kisha kitunguu, kisha mahindi, kisha maharage, bila nyanya wala biringanya wala pilipili, mpaka wauaji wale wafe njaa. "Miaka ngapi?" nikauliza. Akafungua kaye kunionyesha shamba jingine lililowahi kupona, na alipogeuza ukurasa jicho langu likaanguka chini, kwenye mstari wa "Minye".

Visanduku viwili vilikuwa vitupu.

Wengine wote, mpaka mjane wa mtaa wa chini aliyepoteza ng'ombe na mlango vitani, visanduku vyao vilijazwa. Vyake vya mwaka wa kukimbia vilikuwa vyeupe. Nikaweka kidole pale.

"Hapa ilikula nini?"

"Ilikuwa inapumzika. Nilikuta majani tu."

"Uliuliza?"

Akafunga kaye. "Shamba yangu naijua," alisema, akaondoka.

Aliyeniambia ni mkewe, tukiwa mtoni tunaosha sombe, majani ya muhogo. Hakunitazama alipokuwa anasema. Wakati wao wako ukimbizini, kuna watu waliobakia waliolima kipande chao, na walipanda nyanya, msimu wa kwanza na msimu wa pili, kwenye pembe ile ile nzuri. Za pili zikalala zote, wakaziacha, majani yakafunika.

"Jirani yetu iliniambia siku tulirudia," alisema. "Minye nikamuambia, Monitere, uliza batu kwanza. Akasema yeye njo anaulizaka, haulizwaki."

"Na ile beseni?"

"Mama Furaha, niliona anapita nayo. Nilinyamaza." Akaendelea kukamua sombe. "Unisamehe. Na yeye umusamehe, maana hatakuomba."

Mganga hajigangi, ndiyo, sote tunalijua hilo. Lakini mtu huyu aliniinamia sikioni siku ya tatu ya matanga ya mume wangu kuniuliza shamba lilikula nini, na lake mwenyewe hakuliuliza. Ilikuwa inahitaji swali moja, kwa jirani mmoja, tena jirani anayemtaabisha kila asubuhi kwa maswali yake. Na mkono ule ule ulioniletea maharage mazuri ndio ulioniletea kifo cha nyanya, kwenye beseni moja, na kwa sababu maharage yalikuwa mazuri kweli, hata kumchukia vizuri sikuweza. Hilo lilinikera kuliko yote.

Nilikwenda kwake siku hiyo hiyo. Nilimkuta anamfunga mbuzi. Nikamwambia yote, kwa sauti, majirani wakitoka milangoni. Sikumwomba mbegu wala msaada. Nilimwambia nataka neno moja tu, aseme ni yeye.

"Udongo iko na mambo mingi," alisema.

"Sema ni weye."

"Mama, udongo iko na mambo mingi."

Miaka minne tulikaa hivyo. Misimu minane. Nilipanda kama alivyosema, mahindi na kitunguu na mahindi, maana kwa bahati mbaya hakuna aliyejua zaidi yake, na kila nilipotia jembe nilikuwa namtii mtu nisiyemsalimu. Kitunguu kilitulisha kwa shida. Kanisani, padri aliposema tupeane amani, na yeye akawa benchi la mbele yangu, nilimpa ncha za vidole. Alizipokea na kugeuka haraka. Nikimwona kwenye njia ya mfereji, nilikuwa tayari na jibu la swali lake, jibu refu lenye miiba, lakini hakuniuliza tena. Aliwauliza wengine wote, nami akanipisha njia. Sikutegemea kwamba kutoulizwa kungeniuma.

Mambo mengine pia yakapungua. Macho yake yakaanza kufunga ukungu. Mkono wake ukaacha kung'oa. Watu walisema Monitere amezeeka, sasa maharage yatapumua, wakacheka. Mimi nilianza kuandika misimu yangu kwenye daftari la mwanangu, miviringo na mistari, nikajikuta nawauliza jirani wapya: kabla ya hapo? Na kabla ya hapo? Nikijisikia nilikuwa nanyamaza kwa hasira.

Mwaka huu nilijaribu. Nyanya sita tu, pale juu kwenye mdomo wa mfereji, mahali penyewe. Nilisema kama zitasimama pale, zitasimama popote, na Furaha anaweza kurudi nyumbani. Hakuna niliyemwambia, lakini Runingu ni Runingu. Zilipotoa maua niliacha kula mchana. Saa saba, jua likiwa kali, ndiyo saa ambayo ugonjwa ule hujionyesha, nami kila siku saa saba nilikuwa nimesimama pale.

Siku ya nane nikasikia hodi.

Nilidhani ni mgeni, maana nani Runingu anapiga hodi shambani? Nikageuka. Monitere alikuwa amesimama nje ya mpaka, fimbo mkono mmoja, mabuti mkono mwingine, miguu mitupu. Mabuti yalikuwa safi. Sikuwa nimewahi kujua kwamba yalikuwa ya kijani.

"Karibu, Monitere."

"Apana. Niko hapa tu."

"Umevua bote?"

"Nimeziosha. Na miguu nimeosha ku mutoni. Lakini sijui kama maji inatosha."

Alikuwa ameelekeza uso kwenye nyanya, lakini macho yake yalikuwa yamepita pembeni kidogo, nikajua hazioni.

"Ziko wima?" akauliza.

Sikutaka kujibu. Nilikuwa nimeziona kabla hajafika, na nilikuwa nimesimama pale nikijiambia ni jua, jioni zitaamka, ingawa jana pia nilijiambia hivyo na jioni hazikuamka.

"Nne ziko wima," nikasema. "Mbili zimelala."

"Ya wapi?"

"Ya juu. Pale ulimwaga."

Aliweka mabuti chini, akaingiza mkono chini ya shati, akatoa kaye. Nailoni ilikuwa imechanika, ameifunga na kamba ya mgomba. Akaninyooshea juu ya mpaka, bila kuuvuka.

"Uko na biki?"

Nilikuwa nayo kalamu, nimeichomeka kwenye kitambaa cha kichwa.

"Tafuta mustari yangu."

Sikuhitaji kuutafuta. Visanduku vile viwili vilikuwa bado vyeupe, na baada yake vingine vimejazwa kwa mkono unaotetemeka zaidi na zaidi.

"Jaza ile mbili."

"Niweke nini?"

"Weye unajua."

"Minye najua," nikasema, na sauti yangu ikapanda. "Batu yote banajua. Nataka weye useme."

Aligeuza fimbo mkononi. Kule chini watoto walikuwa wanafukuza ndege kwenye mpunga wa mtu.

"Tomate," alisema. "Na ya pili, tomate."

Nikachora msalaba. Nikachora wa pili. Nilidhani amemaliza, nikataka kumrudishia.

"Pembeni uandike: hakuuliza."

"Nani hakuuliza?"

"Monitere," alisema. "Andika: Monitere hakuuliza."

Nikaandika. Hasira haikuondoka. Nyanya mbili zilikuwa bado zimelala, Furaha bado yuko kwa shangazi yake, na misimu minane hairudi. Akaniomba nimsomee. Nikamsomea. Akasema soma tena, nikasoma tena.

"Sasa ile shamba yako," alisema, "mahindi tena."

"Najua, Monitere."

"Najua unajua."

Hakuichukua kaye. Niliponyoosha mkono kumrudishia, alikuwa ameshainama kuyapapasa mabuti yake. Njia fupi ya kwake inapita juu, kando ya mdomo wa mfereji, na ndiyo aliyopita miaka yote kama shamba ni lake. Siku hiyo alizunguka kwa chini, kule maji yanakotoka shambani kwangu, miguu mitupu, akitafuta njia kwa fimbo, na ilimchukua muda mrefu sana kufika barabarani.